Usifukie tenki la zamani la chini, lifufue kabla mvua hazijaanza

Mbukwenyi wana Dodoma. Naandika kwa yeyote aliyenunua au kurithi nyumba ya zamani akakuta uani kuna tenki la maji la chini ya ardhi limejaa takataka, alaf fundi anamwambia jaza kifusi mwaga zege yaishe. Nakuomba usifanye hivyo. Kuchimba jipya ni hela ndefu, na maji ya mvua hayana chumvi kama ya visima vyetu vingi.

Mji wetu miaka yote unategemea visima vya Makutupora pale Mzakwe, yani tenki la asili kabisa. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950 na kinachoonekana ni kwamba maji hayapandi kila mwaka, yanasubiri mvua kubwa kama ile El Nino ya 1997/98, miaka mingi katikati yanashuka tu. Ila bati lako linaleta maji hata mwaka wa kawaida. Mvua yetu ni milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu yote Desemba mpaka Aprili, kwahiyo bati la mita za mraba 100 linaangusha lita 55,000, toa zinazopotea unabaki na kama 44,000. Pima tenki lako kwa mita, urefu mara upana mara kina mara 1,000, hizo ndo lita zake.

Sasa kusafisha, na hapa tafadhali msifanye haraka. Tenki lililofungwa muda mrefu lina hewa mbaya inayoua mtu bila hata harufu. Fungua mfuniko, liache wazi siku nzima au zaidi, toa maji na tope ukiwa juu kadri inavyowezekana, na pampu ya petroli usiishushe ndani kamwe. Anayeshuka afungwe kamba, juu wabaki watu wawili wenye nguvu, akisema kichwa kinazunguka anavutwa hapohapo na asiwepo wa kuruka kumfuata, maana hivyo ndivyo wanavyokufa wawili watatu shimo moja.

Ukuta sugua kwa brashi ngumu. Palipo na ufa chimbua ufa wenyewe mpaka ukute plasta ngumu, lowesha, ndo uzibe kwa sementi na umalizie niru, yani uji wa sementi wa kulainisha juu. Ukipaka juu juu utarudia mwakani. Jaza maji, yaache siku ya kwanza zege linywe, kisha chora alama ya chaki usawa wa maji, kesho yake angalia. Yakishuka sana bado linavuja.

Mvua ya kwanza usiingize, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, geuza bomba la gata limwage nje. Bomba la hewa lifunge wavu wa mbu, mfuniko uweke kufuli kwa ajili ya watoto, na ya kunywa chemsha.