Somo: kuunga modeli ya zamani ya Sea Dart, ile ndege vita iliyokuwa inarukia majini

Wakuu habari za wikendi. Niliahidi somo la Sea Dart na wengine mmeshaanza kunisuta, haya leo nimekaa. Kwa asiyeijua, hii ni ndege vita ya jeshi la maji la Marekani, kampuni ya Convair waliitengeneza hapahapa San Diego ninapoishi. Enzi hizo jeshi lilikuwa na wasiwasi kama ndege zenye spidi ya kupita sauti zitaweza kutua kwenye meli, wakaona bora watue kwenye maji yenyewe. Bawa la pembetatu, injini mbili, na badala ya matairi ina ski, yaani vibao vya kuteleza juu ya maji, zinazochomoka tumboni. Zilitengenezwa 5 tu, zikaruka 3.

Seti yangu ya vipande vya kuunga ni ya zamani hasa, boksi limechanika upande wenye jina, nimeiokota kwa bei ya soda kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani. Kuna walionishauri niiache hivyohivyo ipande bei. Mimi sifugi plastiki.

Hatua ya 1, pima kabla hujakata chochote. Seti za zamani nyingi zilitengenezwa zienee kwenye boksi, skeli (modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi) baadaye. Ndege halisi ina urefu wa mita 16 na mabawa mita 10.26, kwa hiyo 1/72 inatakiwa iwe sentimita 22 na kidogo kwa 14 na robo. Yangu ilitoka sentimita 26, gawa 1600 kwa 26 unapata kama 1/62, yaani rubani wa 1/72 ukimnunua ataonekana mtoto wa darasa la tano.

Hatua ya 2, ijue plastiki. Kata kipande cha fremu inayoshikilia vipande vya seti, dondoshea gundi ya maji ya modeli. Kikilainika ni polistirini, plastiki ya kawaida ya modeli, shwari. Kikikataa huenda ni aseteti, baadhi ya seti za mwanzo wa miaka ya 1950 zilikuwa hivyo, hiyo inajipinda kwa uzee na gundi ya kawaida haishiki, tumia gundi ya epoksi. Halafu osha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, ya moto HAPANA.

Hatua ya 3, hapa ndipo wengi wanaharibu. Amua unaunga ndege IPI. Ya kwanza kabisa, namba 137634, iliruka rasmi tarehe 9 Aprili 1953, ikaanza na ski mbili na baadaye wakaijaribu na ski moja pana. Ya pili, 135762, ndiyo iliyopita spidi ya sauti tarehe 3 Agosti 1954 ikiwa inateremka, rubani Charles Richbourg, na mpaka leo hakuna ndege nyingine ya majini iliyofanya hivyo. Sasa wewe ukichukua ski za hii ukaweka namba ya ile, mtu anayejua ataona kwa jicho moja. Mimi nilikwenda kuiangalia 135763, imesimamishwa nje ya makumbusho ya ndege pale Balboa Park, nikapiga picha za tumbo mpaka shingo ikakakamaa, na picha hizo zimenisaidia kuliko karatasi ya maelekezo ya kwenye boksi, ambayo ina michoro minne tu na mmoja kinyume.

Hatua ya 4, kuunga. Midomo ya kuvutia hewa iko juu ya mgongo nyuma ya rubani, waliiweka huko injini zisimeze maji. Kwenye seti yangu ni mashimo mawili yasiyo na kina, nikayachimba kwa ncha ya kisu taratibu, nikapaka nyeusi ndani. Nusu mbili za mwili hazikukutana mgongoni, ikabidi puti, msasa 400, puti tena, msasa 800 wa maji, malizia 1200, hapo jioni tatu zimekwisha na mke anauliza vumbi hili la nini. Ski ziache mwisho! Zibandike kwa epoksi ya dakika 5 ili upate muda wa kunyoosha, tazama kwa mbele zote ziwe sawa kama miguu ya kitanda.

Rangi ni buluu iliyokoza inayokaribia nyeusi. Praima, koti mbili nyepesi, basi.

Stika zilikuwa njano. Nilizibandika kwenye kioo cha dirisha la juani wiki mbili zikapauka, nikapuliza vanishi juu yake KABLA ya kuzitia majini, maana stika kuukuu bila vanishi zinakatika vipandevipande kama chapati kavu.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Kioo cha rubani nimetumia supaglu kimeingia ukungu mweupe, nifanyeje?
Jibu: Pole kaka. Sugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, ukungu ukiwa kwa nje unatoka. Siku nyingine gundi nyeupe ya mbao, inakauka inang'aa.

Mdau wa Mombasa: Nataka kuiweka kwenye maji ya kuigiza ya epoksi imetulia, ski nazichomoza nje zote?
Jibu: Hapana, ikiwa imetulia ilikuwa inaelea kwa tumbo, nyuma ya mabawa imegusa maji. Ski zilitoka ikishaanza kutembea. Ukitaka ski zionekane tengeneza na povu la spidi.

Mdau wa Dar: Kwa nini waliiacha sasa?
Jibu: Ski zilikuwa zinatetemesha ndege vibaya sana wakati wa kuruka na kutua, tena tarehe 4 Novemba 1954 ile 135762 ilisambaratika angani kwenye maonyesho hapa San Diego, Richbourg akafariki. Na meli nazo zikaja kuzimudu ndege za spidi. Mwaka 1957 wakafunga.

Mdau wa Tanga tena: Dawa ya meno imekubali, asante. Ila kwenye picha yako bawa la kushoto kuna kama alama ya kidole?
Jibu: Ni ya mwanangu. Rangi ilikuwa mbichi. Nimepuliza vanishi juu yake.