Kutega panya ghalani bila kuumiza vidole, watoto wala kuku

Msimu huu nimemsaidia jirani yangu hapa Morogoro kuokoa magunia yake ya mahindi, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ambayo wakulima wengi huniuliza, kwa hiyo nimeona ni vyema niyaandike majibu yake kwa utaratibu. Jirani huyo alikuwa na mitego mizuri na chambo cha kutosha, lakini kila asubuhi aliikuta mitego ikiwa kama alivyoiacha jioni, huku magunia yakiwa yametobolewa upya. Mitego yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa mahali ilipowekwa, pamoja na haraka ya kuitega usiku ule ule iliponunuliwa.

Mwongozo huu unahusu mtego wa kufyatuka, kwa ajili ya panya wa ghalani na nyumbani tu. Mitego ya nyaya ya kunasia wanyamapori haimo kabisa, kwa kuwa kitanzi cha waya hakichagui mnyama, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009.

Vifaa

Nunua mitego ya ubao yenye springi ya chuma, ile mikubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya panya wakubwa. Ile midogo humjeruhi panya mkubwa bila kumuua, na panya aliyejeruhiwa huondoka na mtego hadi chini ya magunia. Mitego ya plastiki yenye meno hutegwa kwa urahisi, lakini springi yake huchoka mapema na haiwezi kurekebishwa. Wa ubao utaufanyia matengenezo kwa miaka. Utahitaji pia koleo lenye mdomo mrefu (mafundi huliita plaizi), bisibisi bapa, tupa ndogo, waya laini wa kufungia nondo, uzi, glavu nene za mpira na njiti ndefu ya fagio la chelewa.

Gundi ya panya siipendekezi kwa mtu yeyote. Panya hukaa akihangaika usiku kucha akikojoa na kunya palepale, na mara nyingi anayenaswa ni mjusi au kifaranga. Sumu nayo isitumike mahali panapohifadhiwa chakula: panya huifia ndani ya dari au katikati ya magunia, na zipo sumu ambazo humdhuru hata paka aliyemla panya huyo.

Hatua ya kwanza: mfahamu panya wako

Usiku mmoja kabla ya kufanya lolote, nyunyiza unga au jivu laini, utando mwembamba tu, kandokando ya kuta na karibu na magunia. Asubuhi utaona nyayo: mguu wa mbele wa panya huacha alama za vidole vinne, wa nyuma vitano, na katikati mara nyingine hupita mstari wa mkia. Tazama pia michirizi myeusi yenye mafuta kwenye ukuta na kwenye kenchi, kwa sababu panya hupitia njia moja kila siku na manyoya yake huacha uchafu hapo.

Mavi yenye urefu wa sentimita moja hivi ni ya panya mkubwa, na yale madogo kama punje za mchele ni ya kipanya mdogo. Tofauti hii ina maana kubwa katika hatua ya nne. Panya wa nyumbani, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, hupenda kupanda juu na huogopa kitu kigeni. Kipanya mdogo ni mdadisi. Panya shamba, ambaye ndiye adui mkubwa wa mahindi katika ukanda wetu, huongezeka haraka mno baada ya mvua. Jike lake lina chuchu zinazoweza kufikia 24. Yeye haogopi sana mtego, lakini huja kwa wingi, hivyo mitego miwili haitamtosha.

Hatua ya pili: ondoa chakula kingine

Fagia punje zote zilizomwagika, baada ya kuzilowesha kwa dawa kama nitakavyoeleza katika hatua ya sita, na funika maji. Panya aliyeshiba mahindi hana sababu ya kusogelea chambo.

Hatua ya tatu: mahali pa kuweka

Mtego ukae kandokando ya ukuta, ukiwa umeuelekea kama herufi T, na upande wenye chambo uguse ukuta au uwe karibu kabisa. Panya hutembea huku ndevu na ubavu wake vikigusa ukuta, na katikati ya sakafu hupita kwa nadra na kwa kasi. Umbali wa mita mbili hadi tatu kati ya mtego na mtego unafaa ghalani. Kwa panya wa nyumbani, weka mingine juu ya kenchi na ufunge kila mmoja kwa waya kwenye mbao, ili usimwangukie mtu na ili panya asiondoke nao. Hata ya sakafuni ifungwe, kwa waya wa urefu wa mkono hivi, kwenye msumari uliopigiliwa ukutani.

Iwapo kuku, paka au mtoto huweza kuingia humo, mtego haukai wazi hata kidogo. Tengeneza sanduku jembamba la mbao lenye urefu wa mita moja, mlango wa upana wa sentimita saba kila upande na mfuniko wenye komeo, kisha weka mtego katikati kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto mdogo haufiki. Panya hulipenda sanduku la namna hii kwa sababu lina giza.

Hatua ya nne: wazoeze kabla ya kutega

Hapa ndipo wengi hupoteza majuma, na ndiyo maana nitakawia.

Weka mitego yote mahali pake, na chambo juu yake, lakini usiitege. Panya wa nyumbani akikutana na kitu ambacho jana hakikuwepo, hukizunguka na kukikwepa, pengine kwa siku kadhaa. Ukikitega siku ya kwanza, mmoja mjasiri atakigusa kwa tahadhari, kitafyatuka bila kumpata, na tangu hapo yeye hatakisogelea tena. Mtego usiotegwa ambao usiku unampa chakula, na usiku wa pili unampa tena, hugeuka kuwa sehemu ya njia yake.

Chambo kizuri ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga au pumba za mahindi hadi ishikamane, kiasi cha punje moja ya harage. Kingi zaidi ya hapo humwezesha panya kula pembezoni bila kukanyaga ulimi wa mtego. Ambapo mahindi yamejaa, ongeza harufu tofauti, na dagaa aliyekaushwa anafaa sana: mfunge kwa uzi kwenye ulimi, ili panya alazimike kumvuta.

Kila asubuhi kagua na uongeze chambo kilipoliwa, bila kuhamisha mtego. Subira inahitajika hasa hapa, kwa kuwa mtu akiona chambo hakijaguswa kwa usiku mmoja huupeleka mtego kwingine, na panya hulazimika kuanza upya kuuzoea. Uhamishe tu kama unga wa kuonyesha nyayo unathibitisha kwamba hakuna anayepita hapo kabisa. Angalia pia kwamba aliyekula ni panya kweli. Sisimizi na mende humaliza siagi ya karanga kwa usiku mmoja, lakini huiacha ikiwa na vishimo vidogo na mara nyingi utawakuta bado wapo. Panya huibeba au kuikwangua yote, na huacha nyayo kwenye unga. Sisimizi wakizidi, tumia dagaa peke yake na ubadilishe kila jioni.

Chambo kikiliwa usiku mbili mfululizo katika mitego iliyo mingi, tega yote jioni moja. Kutega michache leo na michache kesho huwafundisha waliobaki. Kwa kipanya mdogo na kwa panya shamba unaweza kufupisha uzoeshaji huu au kuuacha, lakini kwa panya wa nyumbani usiuruke hata kama magunia yanatobolewa mbele ya macho yako.

Wapo wanaosema harufu ya binadamu ndiyo inayomfukuza panya, hivyo huuosha mtego kwa majani au kuufukiza moshi. Panya wa nyumbani amezaliwa na kukulia katika harufu zetu. Glavu tunavaa kwa ajili ya magonjwa.

Hatua ya tano: kutega kwa koleo

Katika maelezo haya, upinde ni chuma kinachopiga, sindano ni waya mrefu unaouzuia upinde, na ulimi ni kibati cha chambo ambacho sindano huingia chini ya ukingo wake.

Kabla ya jioni ya kutega, jaribu kila mtego bila chambo kipya. Utege, uweke chini, kisha uguse ulimi kwa ncha ya njiti ya chelewa. Ukihitaji kusukumwa kwa nguvu ndipo ufyatuke, panya mwepesi atakula na kuondoka salama. Ufyatue kwanza, upinde ukiwa umelala upande wa chambo, tumia tupa kulainisha ncha ya sindano iliyoota kutu, na koleo kuukunjua kidogo ukingo wa ulimi ili sindano ishikwe na ncha tu. Ukifyatuka wenyewe unapousogeza, umezidisha: ukunje ukingo kidogo. Marekebisho haya hayafanywi kamwe mtego ukiwa umetegwa.

Siku yenyewe, vaa glavu na uweke chambo kwanza. Weka ubao juu ya sakafu ngumu, chambo kikielekea mbali nawe. Shika kingo za ubao kwa mkono mmoja upande wako, kwa pembeni, bila kidole kuvuka upande wa chambo, kwa sababu huko ndiko upinde unakotua kwa nguvu zake zote. Kwa mkono wa pili, bana upinde katikati kwa koleo, uvute hadi ulale upande wako na uukandamize hapo. Sasa achia kingo na utumie bisibisi, si kidole, kuipitisha sindano juu ya upinde na kuisukuma ncha yake chini ya ukingo wa ulimi. Legeza koleo polepole mpaka uone sindano imebeba upinde, ndipo uliondoe. Upinde ukianza kuteleza, usijaribu kuudaka; achia na uanze upya.

Utege karibu kabisa na mahali pake, kisha usukume mtego hadi ukutani kwa kijiti, ukiusukuma kutoka nyuma. Kazi hii ifanyike kuku wakiwa wameingia bandani na watoto wamelala, na kabla panya hawajaanza kutoka.

Hatua ya sita: asubuhi

Kagua alfajiri. Mtego ambao haukufyatuka ufyatue kwa kijiti au uondoe. Usiuache umetegwa mchana. Ukimkuta panya bado yu hai, mmalize mara moja kwa pigo moja la kichwa, kwani kumwacha ateseke si haki.

Kuhusu afya, naomba msomaji asome kwa makini. Mwaka 2022 watu walifariki mkoani Lindi kwa homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na huingia mwilini kupitia michubuko na utando wa macho au mdomo. Usimshike panya kwa mkono mtupu. Fungua madirisha na milango na uache hewa ipite kwa nusu saa, kisha changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, umnyunyizie panya, mtego na mavi, usubiri dakika tano, ndipo uokote na kufuta. Mavi makavu yasifagiliwe, maana vumbi lake huvutwa puani. Tia panya ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, na ufukie shimo la nusu mita mbali na kisima. Suuza mtego na upake mafuta kidogo, kwa sababu jiki hula chuma.

Katika maeneo yenye historia ya tauni (ugonjwa ambao viroboto wa panya huwaambukiza watu), kama Lushoto ambako ugonjwa huo ulianza kuwasumbua watu mwaka 1980, usianze kutega kwa wingi kabla ya kuzungumza na bwana afya. Viroboto humkimbia panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine, kwa hiyo huko viroboto hudhibitiwa kwanza. Ukiona panya wanajifia wenyewe bila mtego wala sumu, usiwaguse. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: baada ya kunasa

Endelea hadi usiku upite kadhaa bila kunasa na bila nyayo kwenye unga. Hapo ziba matundu yote yenye upana wa kutosha kupitisha kidole kwa steelwire ya kusugulia sufuria iliyokandamizwa ndani na kufunikwa kwa saruji. Kihenge kilicho juu ya nguzo kivishwe bati la mviringo kwenye kila nguzo, mita moja kutoka ardhini, na ngazi iondolewe kila jioni. Mitego miwili au mitatu ibaki ghalani ikiwa na chambo bila kutegwa, ili panya mgeni akija kipindi cha baada ya mvua uone chambo kimeliwa kabla hujaona gunia limetobolewa. Iliyobaki ifyatuliwe, ikaushwe na kufungiwa kwenye boksi lenye kufuli.