Somo: Kumlisha mtoto anayechagua chakula bila kuvutana mezani

Somo hili ni la mzazi au mlezi wa mtoto wa mwaka mmoja hadi sita ambaye kila mlo nyumbani kwake umegeuka mvutano: sahani inaandaliwa, mtoto anafumba mdomo, mzazi anabembeleza, anatishia, na mwishowe anasalimu amri na kumpa kilekile anachokipenda siku zote. Katika kuwashauri wazazi nimeona kwamba mara nyingi kinachomfanya mtoto aendelee kugoma si chakula chenyewe, bali ni nguvu inayotumika kumlisha. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuiondoa nguvu hiyo bila kumwachia mtoto ajipangie mlo wa nyumba nzima.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vyema mzazi aelewe kwa nini mtoto aliyekuwa akila vizuri ghafla anaanza kuchagua. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikisha takriban kilo 9 anapotimiza mwaka, yaani ameongeza kilo 6 ndani ya miezi 12. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 3, na kuanzia hapo kilo 2 hivi kwa mwaka hadi anapokaribia umri wa shule. Mwili unaokua polepole hauhitaji chakula kingi kama ule uliokuwa ukikua mbio, kwa hiyo hamu yake hupungua bila ugonjwa wowote. Katika umri huohuo, hasa kati ya miaka 2 na 6, huja hofu ya chakula kigeni: mtoto hukataa kitu kwa kukitazama tu, hata kabla hakijafika mdomoni. Tena watoto huhisi uchungu wa chakula kuliko watu wazima, na ndiyo maana mboga za majani hukataliwa mapema kuliko vyakula vingine. Mtoto wa namna hii hana jeuri wala hajadekezwa. Amefikia tu kipindi ambacho watoto wengi hukipitia.

Hatua ya kwanza: hakikisha mtoto ni mzima

Mpeleke apimwe uzito na urefu, na vipimo hivyo vilinganishwe na vya nyuma kwenye kadi yake ya ukuaji. Omba pia aangaliwe meno, vidonda vya mdomoni, upungufu wa damu, minyoo na choo kigumu. Choo kigumu husahaulika sana, ilhali mtoto ambaye hajapata choo kwa siku kadhaa hujisikia ameshiba muda wote. Mchoro wa ukuaji wake ukiendelea kupanda vizuri, hata kama yeye ni mwembamba kuliko wenzake, unaweza kuendelea na somo kwa moyo mtulivu.

Hatua ya pili: gawa kazi

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nami naomba upasome taratibu. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, alieneza kanuni inayotumiwa leo na wataalamu wengi: mzazi anaamua chakula gani kitaandaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Kila upande una kazi yake, na matatizo huanza pale mmoja anapoingilia ya mwenzake. Mzazi anayesema “bado vijiko vitatu” amechukua kazi ya mtoto. Mtoto anayekataa kilichopo mezani na kupikiwa kingine palepale amechukua kazi ya mzazi.

Wazazi wengi huniambia kwamba wakimwachia mtoto kiasi, hatakula chochote. Mwaka 1928 daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, alichapisha matokeo ya utafiti juu ya watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa. Waliwekewa vyakula halisi vya aina nyingi, na wauguzi wakakatazwa kuwashawishi kwa neno au kwa ishara. Mlo mmojammoja ulionekana wa ajabu, kwa kuwa mtoto aliweza kula aina moja tu hadi akatosheka, lakini kwa kipindi kirefu walikula mchanganyiko wa kutosha na wakakua vizuri. Davis alieleza pia jambo ambalo mara nyingi huachwa nje habari hii inaposimuliwa: katika vyakula vile hakukuwamo peremende wala vitu vya sukari. Watoto walichagua vizuri kwa sababu kila walichowekewa kilikuwa kizuri. Kwa hiyo uhuru wa mtoto haupunguzi wajibu wa mzazi hata kidogo. Unautaka utimizwe mapema, wakati wa kuamua ni nini kinanunuliwa na nini kinapikwa.

Hatua ya tatu: weka saa za kula

Milo mitatu na vitafunio mara mbili au tatu, vikiachana kwa saa mbili hadi tatu, vinamtosha mtoto mdogo. Katikati ya hapo apewe maji tu. Mtoto anayedokoadokoa biskuti mchana kutwa hafiki mezani na njaa, na bila njaa hakuna atakachokijaribu.

Chunguza zaidi anachokunywa. Maziwa ni chakula, wala si kiburudisho. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja anatosheka na takriban mililita 500 kwa siku, na akizidisha sana anashiba kabla ya mlo na kujiweka katika hatari ya kupungukiwa madini ya chuma, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno. Juisi ya matunda, hata isiyoongezwa sukari, madaktari wa watoto wa Marekani waliiwekea kikomo cha mililita 120 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na wakashauri asiye na mwaka asipewe kabisa. Nimekutana na watoto walioitwa wachaguzi wakubwa ambao tatizo lao lilikuwa chupa iliyokuwa mikononi mwao tangu asubuhi.

Hatua ya nne: pakua kidogo

Kipimo rahisi ni kijiko kimoja cha mezani cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri, hivyo mtoto wa miaka 3 anaanza na vijiko vitatu vya wali, na akitaka zaidi anaongezwa. Sahani iliyojaa humchosha mtoto kabla hajaigusa. Kila mlo uwe na angalau kitu kimoja alichokizoea, ili asikae mezani kwa hofu, na kando yake kiwekwe kidogo cha kile anachojifunza, hata kipande kimoja cha karoti chenye ukubwa wa ukucha. Vyakula visichanganywe ikiwa yeye anapenda viachane.

Hatua ya tano: rudia, tena rudia

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi. Chakula kipya huhitaji kuonjwa mara nyingi, aghalabu kati ya mara 8 na 15, kabla mtoto hajakikubali, na wazazi wengi huacha baada ya kukataliwa mara ya tatu au ya nne kwa kusema “mwanangu hali karoti.” Tena kuonja si kumeza. Nilipata kukaa karibu na mtoto wa miaka mitatu aliyewekewa karoti ya kuchemsha: aliisukuma kwa kidole hadi ukingoni mwa sahani, akairudisha, akaikata kwa kucha, akanusa kidole, akailamba kwa ncha ya ulimi na kukunja uso, kisha akaendelea na wali wake. Mama yake alikata tamaa, lakini kwangu mlo ule ulikuwa wa mafanikio makubwa, kwa kuwa mtoto alikuwa amekigusa, amekinusa na kukilamba chakula ambacho awali hakutaka hata kukiona sahanini. Mpe ruhusa ya kutema kwenye kitambaa. Anayejua kwamba anaweza kutema hujaribu kwa urahisi zaidi.

Usirudie chakula hichohicho kila siku. Kipishe siku mbili tatu, kisha kilete kwa sura nyingine: mbichi kilichokwanguliwa, kilichookwa, kilichotiwa kwenye mchuzi.

Hatua ya sita: chunga ulimi wako

Vitisho, tunajua, havifai. Lakini ahadi nazo hudhuru. “Maliza mboga nikupe peremende” humfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na peremende ni tuzo. Utafiti wa Leann Birch na wenzake uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba watoto walioahidiwa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walipunguza kukipenda baada ya hapo. Hata sifa nyingi mno mtoto huzihisi kama shinikizo. Sema maneno mepesi: “Hii ni karoti, ni tamu kidogo na ni laini.” “Si lazima uile.” “Ukishiba, niambie.” Baada ya hapo zungumzeni mambo mengine.

Hatua ya saba: kaeni pamoja

Mtoto hujifunza kula kwa kumtazama anayekula. Televisheni na simu vizimwe, na mlo usizidi dakika 20 hadi 30. Muda ukiisha, sahani iondolewe bila lawama. Mtoto akae wima na asiachwe peke yake. Karanga nzima na peremende ngumu asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, na zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Ujue pia tofauti hii: mtoto anayechefukwa hutoa sauti na kukohoa, naye huhitaji utulivu wako, mtoto aliyekabwa na chakula hawezi kulia wala kukohoa, na huyo ahudumiwe papo hapo.

Maswali ya wazazi

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 4 akikataa chakula cha usiku, nimwache alale na njaa? Moyo wangu hauwezi.

Marahaba, mama. Huna haja ya kumlaza na njaa. Panga kitafunio cha mwisho kiwe sehemu ya ratiba ya kila siku, saa mbili hivi baada ya mlo wa jioni, kiwe chakula cha kawaida kama ndizi au mkate, na akipate awe amekula au hajala. Kinachokatazwa ni kumpikia kingine dakika ile anapokataa. Mtoto mzima akikosa mlo mmoja hadhuriki. Hufidia kesho yake. Ndiyo maana nashauri ulaji wake uupime kwa wiki nzima.

Mimi nafuata ratiba, ila bibi yake akija humpa biskuti kila anapolia, na nikisema naonekana nina roho mbaya. Nifanyeje?

Dada, usimnyang'anye bibi furaha ya kumpa mjukuu. Mpe saa ya kumpa. Mwombe awe yeye mwenye kazi ya kitafunio cha alasiri, amkatie matunda, amhadithie wakiwa wanakula. Mzee akipewa nafasi yenye heshima hushirikiana kuliko akipewa makatazo. Jambo hili mweleze mkiwa wawili, si mbele ya mtoto.

Je, ni vibaya kusaga mboga na kuzificha kwenye mchuzi asijue?

Kusaga si vibaya, ila usimdanganye. Akigundua, anaweza kukikataa hata kile chakula alichokuwa akikiamini, nawe utakuwa umepoteza viwili. Saga, na akiuliza mwambie kilichomo. Tena mboga ileile iendelee kuonekana sahanini kwa umbo lake, maana anayekula karoti asiyoiona hajajifunza kula karoti.

Nimeshauriwa dukani nimnunulie dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Inafaa?

Ndugu yangu, usimpe bila daktari. Baadhi ya dawa zinazouzwa kwa sifa hiyo ni dawa za mzio ambazo huleta usingizi mzito kwa mtoto, na hamu inayoongezeka huondoka dawa inapoachwa. Vitamini na madini ya chuma nayo yatolewe kwa sababu iliyopimwa, na chupa ya chuma ifungiwe mbali, kwa kuwa mtoto akiinywa kwa wingi humdhuru vibaya. Ikiwa anakula maharage au mboga zenye chuma, mpe tunda lenye vitamini C katika mlo huohuo, kwani husaidia mwili kukifyonza.

Kijana wangu ana miaka 5, anakula mkate, wali na viazi tu. Tukiweka yai mezani, hata kama si lake, analia hadi kutapika. Nimefuata hatua zote na vyakula vinapungua badala ya kuongezeka.

Baba, ninashukuru umeuliza. Hali ya kijana wako imevuka mipaka ya somo hili, na haitokani na malezi mabaya. Tangu mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kimeutambua rasmi ugonjwa wa kuepuka chakula ambao hauhusiani na kuogopa unene, na hali ya namna hii huonekana pia kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Mtoto anayepungua uzito, anayekabwa mara kwa mara, aliyeacha kundi zima la vyakula au anayepata hofu kubwa kama hiyo anahitaji daktari wa watoto, naye atawaunganisha na mtaalamu wa lishe na wa tiba ya kumeza na kula. Kabla ya kwenda, andika kwa siku saba kila anachokula na kunywa, kiasi chake, na kilichotokea mezani. Chukua na kadi yake ya ukuaji. Wakati mnasubiri miadi, yai lisiletwe mezani anapokula, na ile mikate, wali na viazi msimnyime.