Gari linakula mchana: ninavyochaji Leaf shambani pasipo nguzo ya umeme

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, na kazi ile ilinizoesha kuandika kila kitu: joto la mgonjwa, saa ya dawa, maji yaliyoingia na yaliyotoka. Nilipostaafu na kuhamia kwenye zabibu zangu huku Hombolo, Dodoma, nilihama na daftari. Nguzo ya umeme iliyo jirani ipo karibu kilomita mbili kutoka kwangu. Nyumba inaishi kwa sola tupu, na gari ni Nissan Leaf, gari la umeme lisilotumia mafuta, iliyotumika Japani, yenye betri ya uniti 30 ilipokuwa mpya. Wengi wananiuliza imewezekanaje, basi nawaandikia kama nilivyofanya.

Shika kalamu kabla hujanunua hata paneli moja. Uniti ya sola ndiyo uniti ile ile ya LUKU, kwa hiyo kama bado umepanga mjini, soma mita kila asubuhi kwa mwezi mzima. Kwangu friji, taa, televisheni na simu vilikula uniti 4 kwa siku, na 5 siku ya kuvuta maji kisimani. Kisha hesabu gari. Safari yangu ya mjini, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya sokoni, ni kilomita 90. Leaf yangu kwa mwendo wa wastani inakwenda kilomita sita na nusu kwa uniti moja, yaani safari nzima ni uniti 14. Ongeza umeme unaopotea kwa joto wakati wa kuchaji, zinakuwa 16 kwenye plagi. Nakwenda mjini mara mbili kwa wiki. Hesabu yangu yote imekaa kwenye mstari huo mmoja, na wewe tafuta wa kwako.

Nilifunga paneli 10 za wati 550, betri mbili za lithiamu za uniti 5 kila moja, na inveta ya kilowati 5, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Siku ya jua zuri napata kama uniti 20. Nyumba ikichukua zake, zinabaki 15 za gari. Fundi wa kwanza aliniambia ninunue betri nne zaidi ili nichaji gari usiku. Nilikataa, na mpaka leo nashukuru. Umeme ukipita kwenye betri ya nyumba ndipo uingie kwenye betri ya gari, unapungua njiani mara mbili, na betri ya nyumba inachoka bure. Gari lenyewe ni betri kubwa kuliko zote ulizonazo. Liache lile mchana, moja kwa moja kutoka kwenye paneli, na betri ya nyumba ibaki na kazi ya taa na friji usiku.

Kwa sababu hiyo nilipanga upya wiki yangu. Zamani nilikuwa nakwenda mjini wakati wowote. Sasa nakwenda Jumanne na Ijumaa, na siku inayofuata gari halitoki: linashinda limechomekwa. Nina kamba ya kuchajia yenye kitufe cha kuchagua ampea, na hiyo ndiyo kitu ninachokithamini kuliko vyote. Saa tatu asubuhi naanza na ampea 6, ambazo ni kiasi cha kilowati 1.4. Ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho gari linakubali. Saa nne na nusu napandisha hadi 10, jua la saa sita nafika 13, na kuanzia saa tisa alasiri naanza kushuka. Saa kumi nachomoa. Ukinunua kamba isiyo na kitufe hicho, wingu moja likipita inveta itachota kwenye betri ya nyumba na hutajua mpaka jioni taa zizime. Pampu ya kisima siiwashi wakati gari liko kwenye 13, maana pampu inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa juu yake. Pasi nayo inangoja.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo lililonisumbua wiki mbili, maana sikupata mtu wa kunieleza. Gari lilipofika nilichomeka, na kamba ikawasha taa nyekundu. Nyumbani kwa mdogo wangu mjini inachaji, kwangu inakataa. Tulibadilisha soketi, tukabadilisha waya, hakuna kitu. Tatizo lilikuwa ethi, waya wa usalama unaoshuka ardhini. Kamba ya gari la umeme hupima kama kuna ethi ya kweli kabla ya kuruhusu umeme kupita, na inveta nyingi zinazofanya kazi peke yake, bila gridi, hutoa umeme ambao nyutro yake (waya unaorudisha umeme) haijafungwa popote na ardhi. Friji haijali. Gari linajali, na lina haki, kwa sababu ethi ndiyo inayokulinda unaposhika bodi ya gari huku umesimama kwenye tope. Dawa yake ni kuzamisha fimbo ya shaba ardhini, mahali penye unyevu (sisi tuliizamisha karibu na bafu, udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mkavu mno), kisha kuunga nyutro na ethi sehemu moja tu, pale inapotokea inveta. Soma kwanza kitabu cha inveta yako kama kinaruhusu, maana baadhi hujiunga zenyewe kwa ndani. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni, na umsimamie.

Soketi ya kawaida ya ukutani usiitumie kwa gari kila siku. Yangu iliyeyuka. Ilikuwa inabeba ampea 13 saa tano mfululizo, na nilishtuliwa na harufu ya plastiki nikiwa jikoni. Weka zile soketi za bluu za duara za viwandani, waya wa milimita 6, sakiti breka yake peke yake, na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Upande wa paneli nao una hatari yake: paneli tano zikiungwa mfululizo zinatoa kama volti 250, na hakuna swichi inayozima jua. Asiziguse mtoto, na kinga ya radi isikosekane.

Paneli zangu ndizo paa la banda la gari. Paneli kumi, mistari miwili ya tano tano, zinatoa kivuli cha karibu mita tano kwa sita, na Leaf inakaa chini yake vizuri. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na joto ndilo linaloiua mapema. Kwa sababu hiyo hiyo silijazi hadi 100 na kuliacha: siku za kawaida naishia 80, na asubuhi ya safari ndefu ndipo nasogeza. Kwa kuwa tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, paneli zimetazama kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10, unaotosha maji ya mvua kuteremka na vumbi. Kiangazi, upepo unapoanza kuvuma, nazipangusa kila wiki kwa maji na kitambaa laini, alfajiri, kioo kikiwa bado baridi.

Kuhusu kununua gari lenyewe: usiliamini kwa rangi. Mgonjwa hupimwa. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kabisa ya kipimo cha chaji, kuna vijistari 12 vya afya ya betri, kila kinachopotea ni uwezo uliopotea. Lakini nenda mbali zaidi: chomeka kidude cha OBD cha Bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya afya na uone kama kuna seli iliyo chini ya wenzake. Langu lilikuwa asilimia 81. Skrini inaongea Kijapani na nimeizoea. Ile betri ndogo ya volti 12 usiisahau, maana ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Na nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti ni volti karibu 400. Mwambie fundi wa mtaani asizisogelee.

Kinachobaki ni masika yetu, kati ya Desemba na Aprili, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mavuno yetu ya kwanza ya zabibu yanaangukia katikati ya mawingu hayo. Zabibu hazingoji. Mwaka jana mwezi wa pili kulikuwa na siku tatu ambazo daftari linaonyesha uniti 7, 6 na 8. Nyumba ilikula zake, gari likapata mabaki. Tangu hapo, mawingu yakianza kujipanga najaza gari hadi juu hata kama sina safari, na kreti za kwanza zinakwenda na gari la jirani, tunachangia mafuta. Nikifika mjini betri ikiwa chini nachaji kwa mdogo wangu, mtaa wa Kisasa, usiku mmoja, kwa ampea 10. Kamba iko kwenye buti siku zote, na kabla sijachomeka namnunulia LUKU ya uniti 20, naingiza namba mwenyewe kwenye mita.