Kutunza Simbilisi kwa Mtu Asiyeona

Mtu asiyeona anaweza kutunza simbilisi vizuri kabisa, mradi mikono na masikio yake yaizoee kazi hiyo. Wafuge wawili au zaidi, kwa kuwa wanyama hawa huishi kwa makundi, na vyombo vyao visihamishwe mahali pake.

Kila asubuhi mpakate mmoja mmoja juu ya taulo, kisha pitisha vidole polepole kuanzia puani, ambapo panapaswa kuwa pakavu, kupitia taya, tumbo na nyayo, hadi makalioni; uvimbe, kigaga au manyoya yaliyolowa huenda ukavigundua kabla ya mwenye macho. Sikiliza pia: mlio mwembamba mrefu mara nyingi ni wa kudai chakula, lakini anayekoroma anapopumua, au aliyegoma kula hata kwa siku moja, awahishwe kwa daktari wa mifugo.

Nyasi kavu zisikosekane, kwani meno ya simbilisi hayakomi kukua. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, hivyo mpe kipande cha hoho mbichi kila siku. Hoho zinapatikana katika soko la Kilombero, Arusha. Na baridi ya Arusha ya Juni na Julai isipuuzwe: inua banda kutoka sakafuni, uongeze matandiko makavu.