Kupaka mwanga wa nje kwa rangi ya mafuta, namna ya Waimpreshonisti

Usasa katika sanaa ya Ulaya unadaiwa na kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani: tyubu ya bati. John Goffe Rand, Mmarekani aliyeishi London, aliipatia hataza mwaka 1841. Kabla yake rangi ya mafuta ilitunzwa kwenye kibofu cha nguruwe, ambacho kikishatobolewa hakizibiki vizuri. Tyubu yenye kifuniko iliwawezesha Waimpreshonisti, wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 kama Monet, Renoir na Pissarro, kubeba rangi hadi mtoni na kumalizia picha huko huko. Yafuatayo ni maelezo ya kikao kimoja cha aina hiyo.

Chukua turubai ya sentimita 30 kwa 40, iliyopakwa msingi mweupe au kijivu hafifu. Wachoraji wengi wa akademia, yaani shule rasmi za sanaa, walianza na msingi wa kahawia, kisha wakapanda polepole kuelekea mwanga. Kwa kazi hii msingi wa giza ni hasara, kwa sababu rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri inavyozeeka, na giza la chini huanza kuchomoza. Brashi ziwe bapa, za manyoya magumu, upana wa milimita 6 hadi 12. Tatu zinatosha: moja ya rangi za joto, moja ya rangi baridi, moja ya nyeupe.

Mwaka 1905 Monet aliorodhesha rangi zake: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, vermilioni, nyekundu nzito ya madda, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi, ambacho leo huuzwa kwa jina la viridiani. Nyeupe ya risasi ni sumu na vermilioni ina zebaki, kwa hiyo tumia nyeupe ya titaniamu na nyekundu ya kadimiamu. Madda hupauka, kwa hiyo mahali pake weka kwinakridoni, nyekundu ya kisasa inayodumu. Kadimiamu nayo si ya kuchezea: usiipige msasa ikishakauka. Nyeusi na kahawia ziache nyumbani. Nyeupe kamua mara mbili ya rangi nyingine, maana ndiyo itakayoisha kwanza.

Weka turubai na paleti kivulini, au chini ya mwavuli usio na rangi kali. Jua likizipiga, kila unachochanganya kitaonekana cheupe kuliko kilivyo, utaongeza giza bila kujua, na picha ikifika ndani itaonekana ya giza mno.

Anza na kobalti iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ndani ya dakika tano gawa eneo katika maumbo manne au matano makubwa, huku ukiwahi mipaka ya vivuli, kwa kuwa ndivyo vinavyohama upesi. Majani na madirisha bado.

Sasa vivuli vyenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkono hukimbilia kijivu kwa sababu akili inajua kivuli ni giza. Tazama tena. Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi katika Gobelins, karakana ya Paris ya mazulia ya ukutani, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja hubadilisha mwonekano wa mwenzake. Nyasi zikipigwa na jua la njano, kivuli chake jichoni huelekea zambarau. Changanya kobalti, kwinakridoni kidogo na nyeupe, kisha iweke kando ya njano bila kuzikutanisha.

Kanuni ya mchanganyiko ni rangi mbili na nyeupe, basi. Ya tatu huleta matope, kwani kila rangi humeza sehemu yake ya mwanga na kinachobaki ni kidogo. Rangi kinzani, kama njano na zambarau, zikivurugwa pamoja huzimana. Zikiwekwa ubavu kwa ubavu hupandishana.

Mguso mmoja, kisha inua brashi. Ukisugua, brashi huchota rangi mbichi ya chini na kuitembeza picha nzima. Ifute kwa kitambaa kila baada ya miguso mitatu au minne. Maji yapake kwa vipande vilivyolala, kama walivyofanya Monet na Renoir huko La Grenouillère, ukingoni mwa mto Seine, mwaka 1869. Majani yanataka miguso mifupi yenye mielekeo tofauti.

Baada ya dakika 45 hivi, acha. Jua limeshahama, na ukiendelea utakuwa na vivuli vya saa mbili tofauti katika picha moja. Rudi siku nyingine, saa ile ile, hali ya hewa ile ile. Monet alipopaka marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891 alibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika. 15 kati ya hizo zilionyeshwa kwa Durand-Ruel, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, mwaka 1891.

Ukirudi, usipake rangi iliyozimuliwa sana juu ya tabaka nene lenye mafuta: la juu hukauka kwanza, kisha hupasuka la chini likiendelea kusogea. Vanishi si lazima. Pissarro aliandika nyuma ya mojawapo ya picha zake akiomba isipakwe vanishi, maana mng'ao ungeharibu uso wake mkavu.

Upepo ukirusha mchanga kwenye rangi mbichi, usiukwangue. Utaondoka na rangi. Picha ya ufuko wa Trouville aliyoipaka Monet mwaka 1870, iliyopo National Gallery ya London, bado ina chembe za mchanga ndani yake.