Namna ya Kumsimamia Mgonjwa wa Kifua Kikuu Nyumbani Mpaka Amalize Dawa

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na karibu robo yao walikuwa barani Afrika. Dawa za kuutibu ugonjwa huu zipo, na katika vituo vingi vya umma barani hutolewa bila malipo. Kinachowashinda wengi ni urefu wa safari: matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, ilhali mgonjwa hujisikia nafuu mapema mno.

Kazi huanzia kwenye makohozi. Mtu akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, akipata homa za jioni, akitoka jasho jingi usiku na kukonda, apelekwe kituoni; anayeishi na VVU asisubiri wiki hizo, aende mara kikohozi kinapoanza. Akipewa kikopo cha sampuli, asubuhi kabla ya kula asukutue kwa maji, atoke nje penye hewa mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka kifuani. Kinachotakiwa ni makohozi mazito; mate mepesi yenye povu yanaweza kuleta jibu la uongo. Kipimo cha GeneXpert hutoa majibu kwa muda wa saa 2 hivi na huonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. (Morogoro, Tanzania, hata panya buku wamefundishwa kunusa sampuli hizo, na hugundua wagonjwa ambao hadubini iliwapita.) Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa makohozi asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo tu, kwani siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa.

Matibabu yakianza, mchagueni mtu mmoja nyumbani awe msimamizi, kwa maana kazi ya wote huishia kuwa si ya yeyote. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa 4, kwa kawaida zikiwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hufuata uzito wake. Miezi 4 inayobaki hubaki rifampisini na isoniazidi. Msimamizi amwone akimeza, kila siku saa ileile, ndipo atie alama kwenye kadi. Siku ya kwanza au ya pili mgonjwa huenda akatoka chooni ameshtuka, akisema anakojoa damu. Aambiwe mapema kwamba rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, jasho na hata machozi kuwa ya chungwa au wekundu, na haina madhara. Tena rangi hiyo ni shahidi mzuri kwamba kidonge kimemezwa kweli.

Dalili nyingine si za kuchezea. Macho yakiwa ya manjano, au mgonjwa akitapika mfululizo, asimeze dozi inayofuata, bali apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyo pia akianza kuona ukungu au kuchanganya rangi. Ganzi na michomo ya nyayo hutibika kwa vitamini B6. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze mtoa huduma, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, na anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, naye afanye hivyo.

Wakati wa hatari hasa, kwa maoni yangu, ni baada ya wiki chache tu, kikohozi kinapotulia na hamu ya chakula kurudi. Mgonjwa huanza kusema, "Mimi nimeshapona." Hajapona, vimelea vilivyobaki vinaweza kuibuka upya vikiwa sugu, na matibabu yake huwa magumu zaidi. Akitaka kusafiri, asikatazwe, bali aombe kituoni dawa za siku zote za safari, au barua ya uhamisho iwapo atakaa muda mrefu. Akisahau dozi, aimeze akumbukapo siku hiyohiyo, wala asimeze mbili kesho yake.

Kuhusu maambukizi, fungueni madirisha, na kwa wiki za kwanza mgonjwa alale chumba chake ikiwezekana. Kumtengea sahani na kikombe ni kumdhalilisha bure, kwani ugonjwa huu husafiri kwa hewa. Wote wanaoishi naye wachunguzwe. Watoto walio chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, wakionekana hawaugui, hupewa dawa za kinga.

Makohozi hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, kisha wa 5 na wa 6, hata kama kikohozi kilikwisha zamani. Kadi ya matibabu itunzwe baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu akikohoa tena mwakani, mtoa huduma atataka kujua alimeza nini na kwa muda gani.